Ndiyo ya Adabu

Nilifika Kutaisi na mchoro wa glavu.
Waokaji kumi na mmoja niliwauliza: "Utainunua?"
Wakasema ndiyo, wakanipa mkate wa moto,
nami nikazihesabu ndiyo zao kama fedha.

Wa kumi na mbili, Badri, hakujibu.
Aliinama tanurini, kichwa chini,
miguu ikaachana na sakafu,
akabandika kinyunya ukutani kwa kiganja kitupu.

Nikafunga daftari. Ndipo nilipoiona
shali ya mkewe kiunoni,
imekazwa mafundo matatu.

"Mkono?" akacheka. "Mkono ulishakufa ganzi zamani.
Ni huu mgongo, bwana,
huu unaoamka kabla yangu."

Mchoro nikaufungia mkate.
"Hebu nisimulie jana," nikasema,
"tangu alfajiri."