Wati Nane

Ukumbi ulikuwa wa mitambo ya kufuma sufu,
mita ishirini na mbili kutoka mlangoni hadi dirisha la kaskazini,
kuta za itale, dari iko juu kama deni.
Adérito aliununua kwa bei ya gari bovu
kiwanda kilipofungwa,
akaingiza kitanda, jiko, paka asiye na jina,
na kikuza sauti cha vali
alichokiunda kwa mikono yake majira mawili ya baridi.

"Wati nane," aliniambia kwenye simu,
kama mtu anayetaja uzito wa mtoto aliyezaliwa jana.
"Nane kila upande."

Spika zilitoka Salamanca, kwa mjane wa daktari wa meno:
za kusimama sakafuni, zanifika kifuani,
mbao za mcheri, nzito
kama wapangaji waliokataa kuhama.
Nikapanda mlima na mita yangu na chuma cha lehemu.

Tulingoja vali zipate moto.
Rangi ile ya chungwa ndani ya kioo
si mwanga wa kusomea, wala si moto wa kuota.
Akaweka santuri: mwanamke na magitaa mawili.
Sauti ikatoka, nzuri,
ikatembea hatua sita, ikachoka.
Upande wa pili ilifika kama barua iliyolowa.
Akaongeza. Besi ikawa uji.
Akaongeza tena. Mwanamke akaanza kufoka
na mawe yakamfokea.

Jibu nilikuwa nalo kabla sijafungua begi.
Spika hizi huzipati kwa kubembeleza,
zinakula nyingi na kurudisha kidogo,
na kule chini, kwenye noti nene,
ukinzani wake unaanguka hadi omu tatu,
kikuza sauti kinapiga magoti
kama punda kwenye ngazi.
Nikamweleza: zidisha nguvu mara mbili,
sikio litapata desibeli tatu tu.
Mara nne, sita.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba, Adérito. Si ukumbi.
"Uza spika," nikasema, "au uza hiki."

Hakunijibu. Alikuwa akitazama kule mwisho,
kwenye kiti kimoja chini ya dirisha.
Zulmira, mkewe, alikuwa amekaa
mahali uliposimama mtambo wake, namba kumi na nne,
miaka thelathini na mmoja,
mpaka masikio yakabaki humo humo.
Ndipo nikaelewa kazi niliyoitiwa.
Hakutaka kuujaza ukumbi.
Alitaka sauti imfikie pale.

Zulmira alituona tunamwangalia.
Akainuka, akakikamata kiti chake,
akakiburuta urefu wote wa sakafu
(kelele hiyo, nakuapia, ilishinda wati zote)
akakitua hatua mbili mbele ya spika ya kushoto,
akaweka kiganja juu ya mbao.
"Hapa," akasema, kwa sauti kubwa mno.
"Hapa inafika."

Nikahamisha nyaya kutoka kwenye nane
hadi kwenye nne, nyuma ya transfoma.
Besi ikakaza, uzi ukarudi kwenye mstari wake.
Tukatundika mablanketi matatu nyuma ya kiti,
mablanketi ya humo humo, yenye kasoro, yasiyouzika,
na ukumbi uliobaki tukauacha na giza lake.

Nililipwa jibini moja na mfuko wa njugu za mlimani.

Kuna mvumo mdogo upande wa kushoto, sikuuweza.
Nilikaza skrubu zote, nikabadili waya wa ardhi, wapi.
Mimi nausikia. Adérito anasema hausikii.
Aliyeugundua kwanza ni Zulmira:
aliinua kidole, macho yamefumba,
kiganja kingine bado kwenye mbao,
akauliza
nani ameacha mtambo unazunguka.