Sinaneno

Shangazi Shekuwe hakujua jina la jani lile.
Mumewe, Famau, alilileta ndani ya gunia la mkaa
kutoka msitu wa nyuma ya Witu, mwaka wa mvua nyingi.
"Nimelikuta chini ya miti mikubwa, hapafiki yua,
na laling'aa kama lililopakwa mafuta."

"Lina ua?"
"Sikuliona."
"Harufu?"
Famau akanusa vidole. "Mkaa."

Mkomani siku zile kila kiwanda kilikuwa na mwasumini wake
na mrehani wa kusokotea vikuba.
Nani apande jani tupu?
Likapewa debe lililotoboka, pembeni kabisa, chini ya ngazi,
pale jua la saa sita linapochungulia
kwa muda wa mtu kutia udhu, likaondoka.

Mwasumini ulikufa kisima kilipoingia chumvi.
Mrehani uliliwa na wadudu weupe.
Shangazi akaenda Mambrui kumuuguza dadake,
wiki saba, nyumba imefungwa, hakuna wa kumwaga hata tone.
Aliporudi jani lilikuwa limeongeza fimbo mbili.
Akashika kiuno.
"Wewe huna neno?"

Basi likawa Sinaneno,
kama jina la leso
ambalo kila alisomaye hujiuliza anasemwa nani.

Nikiwa na miaka tisa kazi yangu ilikuwa kulifuta vumbi:
kitambaa chenye maji, jani moja moja, juu kisha chini,
na usilivunje, utomvu wake unawasha.
Kila fimbo imevimba chini
kama kifundo cha mguu wa mwenye mimba;
huko ndiko liwekako akiba.
Majani yamejipanga mawili mawili, lakini si sawasawa,
kama watoto wa chuoni walioambiwa washikane mikono
na hawataki.

Na ua lilikuwapo. Tulilikosa kwa kulitafuta juu.
Lilikuwa mchangani, gunzi dogo,
rangi ya meno ya mla tambuu aliyeacha,
limejitanda kipande cha kijani, uso limeuelekeza ukutani.
Shangazi alicheka hata akaketi ngazini.
"Kumbe una haya!"

Nyumba iliuzwa.
Sitaeleza; waliotia saini wangali hai na tunaamkiana.
Mnunuzi alitaka kidimbwi cha kuogelea pale kiwandani.
Mafundi walilibeba debe hadi jaani, siku ya Jumanne,
mimi niko hospitali nahesabu vidonge vya watu.
Nilipofika, debe halipo, jaa limekwisha kuchomwa.
Kwenye kipandio cha tatu palikuwa na jani moja,
limekanyagwa ncha.
Nikalitia kati ya kurasa za daftari la kliniki,
kwenye ukurasa wa wasiorudi.

Sasa nakaa Wiyoni, chumba cha mabati,
dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani.
Sikuwahi kuushukuru ukuta ule.
Kopo la maziwa ya unga, mchanga, kokoto za tumbawe:
nikalichomeka.
Mwezi ukapita. Miezi mitatu.
Halikuota, halikuoza. Lilikaa tu, kama mgeni
aliyekataa chai na bado haagi.

Mwezi wa tano nilishindwa.
Mimi nina maneno, tena mengi.
Nikalifukua kwa kijiko.

Chini ya jani lilelile palikuwa na kiazi
kadiri ya punje ya kunde, cheupe, cha baridi,
na uzi mmoja wa mzizi umekamata kokoto
kama kidole cha mtoto kikamatavyo pete.

Nilikirudisha upesi, nikafunika mchanga,
nikajisikia kama mtu aliyefungua mlango bila hodi
akamkuta mwenziwe anavaa.

Jirani yangu, Mwana Mbeja, huniuliza
kopo la mchanga nalimwagilia nini.
Namwambia avute subira.
Bado anavaa.