Shevroleti Mbili, Kizota

Tumbo moja, lakini tazama:
Impala ya hamsini na tisa,
mapezi ya samaki aliyepotelea Ugogoni;
na pikapu ya mwaka uleule, pua butu,
zabibu za Mpunguzi zimeilaza springi.

Wateja wa fundi Chidawali huinamia Impala.
Hujitazama kwenye bampa, hurekebisha kola.

Mimi ni mwana wa Sechelela.
Usiku mto Bubu ulipopata sauti
Impala iliitwa kwanza.
Ikazimika majini, taa zikiwaka bure.
Pikapu ikakohoa mara tatu,
ikavuka,
mama juu ya magunia ya mpunga,
nami ndani ya mama.

Sasa niulize ipi nzuri.
Ngoja, kwanza nimfute vumbi puani.