Kibao cha Langoni

Kilikuja na boti ya Mokowe, kimevikwa gunia:
pembetatu, ukingo mwekundu,
na ndani yake, jeusi kama masizi ya chungu,
gari la moshi.

Karani Shekuwe akageuza karatasi mara mbili.
Karatasi ilisema: punda, moja.
Kibao kilisema: treni.
Basi huko Voi, nikamwambia, au popote pale,
wamemsimamisha punda wetu kando ya reli,
na dereva apiga honi, amtafuta.
Hakucheka. Saini yake ilikwisha kauka.

Kikasimikwa Langoni, penye kona ile
ambapo punda wawili wenye shehena ya mawe wakikutana
mmoja hurudi kinyumenyume hadi kwao.
Wageni wakakipiga picha.
Watoto wa chuoni wakalaza masikio kwenye saruji,
wakaapa wanalisikia:
liko Witu sasa, sasa liko Hindi,
kesho litavuka maji.
Famau wa mahamri akasogeza meza yake hatua tatu.
Sijui reli itapita upande gani, alisema,
ila najua serikali hupita upande wa meza.

Somoe peke yake, dirishani orofani,
alitumwagia maneno kama maji ya kuoshea mchele:

Mwaonya lisilokuja, lililokuja mwalala;
pikipiki ndiyo yaja, inatujia ghafula.

Tukanyamaza. Mguu wa mwanawe Bunu
ulikuwa kwenye plasta tangu Mfungo Sita.
Alikuwa ametumwa nazi mbili tu.

Miezi ikapita, kisha wakaniita mimi,
mimi niandikaye "Leo Taslimu, Kesho Deni"
juu ya milango ya maduka:
futa treni, chora punda,
shilingi mia nane, rangi juu yako.
Rangi yangu ilikuwa nusu kopo.
Niliizimua kwa mafuta ya taa ili itoshe.
Sina haja ya kusema uongo kwa kibao.
Nikamchora punda wa Bunu, yule wa sikio pungufu,
ambaye tangu azaliwe
hakuna aliyemwonya juu ya jambo lolote.
Alikuja mwenyewe akajitazama,
akala ukingo wa gunia, akaenda zake.

Jua la Lamu halina haraka, lakini halisamehe deni.
Kaskazi moja tu, na treni ikaanza kurudi.
Kwanza moshi, ukitoka masikioni mwa punda.
Kisha magurudumu, moja moja, chini ya kwato.
Kisha taa ya mbele, palipokuwa na jicho.
Sasa ni mnyama
ambaye hakuna nchi iliyomtungia sheria.
Shekuwe alikuja kukikagua, akashika kiuno,
akazunguka nyuma kana kwamba huko pana maelezo.
Kwenye ripoti ameandika: kipo, kinaonekana.

Jana nilikaa barazani tangu alasiri nikihesabu.
Pikipiki tisa.
Saba zilipunguza mwendo, si kwa woga, kwa kushangaa.
Shingo zikapinda: lile ni dude gani?
Na ndani ya mshangao huo, upana wa pumzi tatu,
Bunu akavuka na magongo yake,
mfuko wa sukari ukining'inia shingoni,
hana habari kwamba dunia imemsubiri.

Zile mbili ni za vijana wa papa hapa.
Hupita kila siku.
Wamekwisha kizoea, hawakioni tena.

Nimenunua rangi ya kijani, kopo zima,
na safari hii siizimui.
Ijumaa usiku, watu wakilala,
nitamwongezea pezi.