Pambizo

Kaka Ezaruku alikuja Arua Jumapili ya Pasaka
na kishikwambi chembamba kama kigae,
akakiweka mezani kati ya mihogo na bakuli la simsim.
"Humu," alisema, "mna vitabu mia tisa."
Baba akauliza vinakula nini.
"Umeme tu, Baba."
"Basi vitashinda na njaa."

Wiki ile umeme ulikatika mara nne.

Lakini nisiwe mchoyo wa kusema kweli.
Mimi ni nesi, zamu yangu ya usiku,
na saa nane, wodi ikishatulia,
siwezi kuwasha taa juu ya mtoto aliyelala kwa shida.
Kishikwambi kinajitosha kwa mwanga wake.
Nimemaliza riwaya tatu pembeni ya kitanda namba sita,
nikizikuza herufi kila macho yaliponisaliti,
wala hapana aliyejua kama nalilia kitabu
au nailia wodi.

Kwa Baba ni jambo jingine.
Miaka ishirini na miwili alipima tumbaku ghalani,
akasoma mizani, akasoma majina ya wakulima,
na jioni, kwa taa ya chemli, akasoma kitabu kimoja
mpaka ukungu ukamwingia machoni na haukutoka.
Nikamtafutia kitabu kile kile kwa sauti.
Msomaji ni mwanamke; Kiswahili chake kimepigwa pasi,
hakina hata kunyanzi moja.
Baba akasikiliza, kidole hewani.
"Huyu hajawahi kuchoka," akasema.
Kisha akaomba kile cha karatasi.
"Cha nini, Baba, na huoni?"
"Nipe nikipakate."

Kwa hiyo jioni zetu sasa ni hivi:
simu juu ya stuli inasoma,
kitabu mapajani, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia,
na vidole vya Baba vinafunua kurasa kwa kukisia,
mara vimeitangulia sauti, mara vimeachwa,
kama wawili waliotoka pamoja kwenda sokoni
mmoja akasimama kuulizia bei ya nyanya.

Sura ya tano mchwa walikula kona.
Tulipokuwa wadogo Mama aliliziba shimo lile
kwa maneno yake, kila usiku mengine:
mara bwana harusi alipotea njia,
mara alikuwa na deni, mara alipanda punda kinyumenyume.
Mwanamke wa simu alipita pale bila kujikwaa.
Bwana harusi, kumbe, alichelewa kwa sababu ya mvua.
"Mvua tu?" Baba akauliza.
Akanyamaza kitambo.
"Ya Candiru yalikuwa bora."

Juzi kidole chake kikakwama ukurasani.
Mama alikuwa akiibonyeza penseli
kama anayechimba mfereji wa maharage.
"Hapa pana kitu. Msimamishe huyo."
Nikamsimamisha mwanamke katikati ya neno,
nikasogeza taa. Pambizoni,
herufi zimeegemea mbele kama zinapanda mlima:

*Chumvi. Sabuni nusu mche. Adiru bado mia tatu.
Mwanamume huyu mjinga, angesema mapema.*

"Nani mjinga?"
"Wa kwenye hadithi, nadhani."
"Una hakika?"
Nikatazama tena.
Sikuwa na hakika.

Baba akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.
Ezaruku akapiga kutoka Kampala, mtandao unakatakata,
akauliza kama mzee anafaidi ile sauti.
Nikasema ndiyo. Na ni kweli.
Ila usiku ule hatukumrudia mwanamke yule.
Tulimwacha na nusu ya neno mdomoni,
Baba akipapasa kurasa moja moja, polepole,
kama anayetafuta mwiba kwenye kisigino cha mtoto,
kuona ni wapi pengine
Mama alibonyeza kwa nguvu.