Bei ya Dakika

Dakika kumi na tisa na nukta nne
ndizo zinazomezwa na shati moja la buluu,
tangu kola mpaka kifungo cha saba.
Hesabu hiyo haibadiliki. Mimi nabadilisha nchi tu.

Naandika Gazipur, dakika inashuka.
Naandika Bursa, inapanda.
Naandika Hawassa, inashuka tena,
nauli ya meli inaisukuma juu kidogo.
Kwa mzaha naandika Łódź, mji wetu huu
ambao jina lake ni mashua na mto wake umefukiwa chini ya lami,
na kompyuta inaona haya, inageuka nyekundu,
kama mama ambaye mwanawe ametukana mbele ya wageni.

Kulia kwa bei ipo safu ya mazingira ya kazi.
Hiyo hujazwa neno moja moja.
Vyoo: vipo.
Feni: zipo.
Mlango wa dharura: upo.
Ufunguo, aliniambia Shahinur kwenye simu, anao msimamizi,
na msimamizi huenda kula saa saba.
Sikupata pa kuyaweka maneno hayo.
Kisanduku kinapokea herufi kumi na mbili.

Shahinur hupanga kazi ghorofa ya nne.
Nyuma yake mashine ni mvua ya mawe juu ya bati.
Siku moja aliniuliza, wala si kwa ubaya:
"Huko kwenu dakika ina sekunde ngapi?"
Nikacheka.
Yeye alikuwa akingoja jibu.

Bwana Zdzisław anataka senti mbili zitoke.
Si mtu mbaya; hutuletea keki siku ya jina lake,
hukumbuka nani hali mayai.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini bwana Zdzisław hainami. Huinamisha.

Alhamisi nilichukua shati moja la shehena ya kwanza
nikaenda nalo kwa mama.

Mama yangu Genowefa
alisimama miaka thelathini na moja mbele ya mitambo ya kufuma,
zamu ya usiku, sakafu inateleza mafuta,
vumbi la pamba limemganda kwenye kope
hata watoto wa mtaani wakamwita Theluji.
Kiwanda sasa kinauza manukato na viatu vya kukimbilia.
Mitambo iliondoka na masikio yake,
ikamwachia pensheni, na vidole.

Akalipindua shati nje ndani.
Akapitisha kidole gumba mshononi, polepole,
kama asomaye barua ya mtu anayemfahamu.
"Huyu anatumia mkono wa shoto.
Hapa walimharakisha.
Hapa kwapani uzi ulikatika, akarudia,
na hakuna aliyemlipa kwa kurudia.
Hapa alisinzia, ona, mshono umelewa.
Kola si yake. Kola ameshona mtu mwenye hasira."

Mwaka wa tatu huu nalinganisha dakika na dakika.
Sikuwahi kukutana na hata mmoja wao.

"Analipwa kiasi gani?"
Nikamtajia kwa zloti, kwa sauti ya chini,
kama inavyotajwa bei ya jeneza.
"Ngapi?" Akaweka kiganja nyuma ya sikio.
Nikarudia.
"Ngapi?"

Ikabidi nipige kelele.
Jikoni kwa mama, dirisha wazi, supu ya viazisukari inatokota,
nikaupigia kelele ujira wa mwanamke nisiyemjua,
na jirani wa chini akazima redio,
na namba ile, iliyokuwa ndogo mno ndani ya jedwali,
ikateremka ngazi zote mpaka mlango wa nje.

Mama hakusema kitu. Alifunga vifungo,
kimoja kimoja, vyote saba, akalikunja.

Jumatatu nilipunguza senti moja.
Moja, si mbili.
Sijui nimwambie nani habari hiyo,
wala kama ni habari njema.