Mjenzi Hutazama Saa Tu

Mjenzi wetu hajui kusoma.
Anajua saa.
Mpe vyanzo mia tatu na kumi na kimoja vya C,
atavipanga ukutani kama askari wa zamu
na kukiuliza kila kimoja: uliguswa lini?
Chanzo kikiwa kichanga kuliko kipande chake, hukijenga upya.
Kikiwa kikongwe, hukiacha kilale.
Haulizi kililala kwa amri ya nani.

Ikatosha hivyo miaka sita, hadi Januari hii,
Oulu, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
saa tisa alasiri na taa za barabarani zimekwisha kuwaka.
Kiwanda cha maji ya moto kimeongeza mabomba manne
ng'ambo ya mto,
nami kwenye mstari wa bendera nikabadili tarakimu:
-DNJIA=8
ikawa
-DNJIA=12.
Kisha nikafungua valvu.c, nikafuta nafasi tupu
mwishoni mwa mstari. Usafi tu. Tabia yangu.

Mjenzi akatazama saa.
Akajenga kipande kimoja, mia tatu na kumi akaviruka,
na kiunganishi kikavifunga vyote bila swali:
kwake yeye, majina yakilingana, ndoa ni halali.

Basi nyumba moja, hesabu mbili.
valvu.c ina hakika mabomba ni kumi na mawili.
Wenzake wanaapa ni manane.
Hakuna mwongo humo ndani;
kila mmoja anatii amri aliyozaliwa nayo.
Kipimo cha tisa kikakosa kiti,
kikaketi mapajani mwa jirani,
na kwenye meza ya majaribio
(ni meza tu, nashukuru, si chumba cha mtoto wa mtu)
jengo la ghorofa nne likasomeka
nyuzi elfu nne na tisini na sita.

Aatos hakuinua hata kichwa.
"Futa vyote, jenga upya."
Ndiyo dawa yake ya kila homa.
Dakika ishirini na mbili, vikombe viwili vya kahawa,
na hitilafu ikatoweka.
"Umeona?"
Sikuona kitu. Mgonjwa kainuka, ugonjwa haukutajwa.
Alhamisi ukamkuta Pirkko, ambaye hakufuta.

Aliyeuliza ni Inka,
mwanagenzi wa wiki ya tatu, glavu bado mkononi:
"Hiyo amri yenyewe, imeandikwa wapi?"
Tukatazamana.
Haikuandikwa popote. Ilipita kama pumzi
kutoka kwenye mstari hadi kwa kompaila, ikaisha.

Akaandika faili dogo, akaliita vala,
kwao Wafini ndiyo kiapo.
Ndani yake bendera zote, neno kwa neno,
na kila kipande kikaagizwa kuliegemea.
Jaribio la kwanza likatutia aibu:
aliliandika upya kila Mjenzi alipoamka,
likawa jipya kila dakika,
vyote mia tatu na kumi na kimoja vikajengwa bila sababu,
na Aatos akaenda kuchemsha kahawa ya tatu, akipiga mluzi.

Saa mbili usiku akapata.
Andika bendera za leo pembeni. Linganisha na za jana.
Zikiwa sawa, usiliguse, hata tarehe yake usiiguse.
Zikitofautiana, badilisha.
Yule asiyejua kusoma
amepewa neno lenye saa.

Nilijaribu mwenyewe kabla ya kuvaa koti:
kumi na mbili, kumi na tatu. Vikaamka vyote.
Nikaendesha tena. Kimya.
Sikumbuki kimya kilichonifurahisha vile.

Kaka yangu alipiga simu nikiwa njiani.
Jumapili niende, alisema, atanipikia viazi peke yake,
"maana wewe samaki huli."
Nimekula samaki miaka tisa sasa.
Theluji ilikuwa ikiingia kwenye kola.
Nikasema ahsante, viazi ni sawa.